Sanamu za Shaba na Ukwaju wa Jikoni

Katika miji ya kusini mwa Tanzania wamekuwapo wenye maduka wa asili ya Kihindi, na Wahindu miongoni mwao huabudu hata nyumbani, mbele ya sanamu ndogo za shaba ya manjano: Ganesh mwenye kichwa cha tembo, Krishna na filimbi yake.

Sanamu hizo huogeshwa kwa maji na maziwa, kisha hukaushwa.

Shaba ya manjano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Unyevu wa masika huifubaza, na jasho la vidole huacha madoa. Ukwaju huing'arisha kwelikweli, lakini tindikali yake huila. Kwa sanamu kongwe, kitambaa laini kikavu chatosha. Weusi wa mikunjoni uachwe, ndio unaoonyesha nakshi.