Waliokataa Kutengana: Buta na Nyange, 1997

Vijana wenzangu, agizo la Yesu la kuwapenda adui tunalisikia sana hapa kambini. Kulihubiri ni rahisi. Lakini katika kikundi cha vijana ninachokiongoza swali huwa ni lile lile: nimpende vipi mtu ambaye watu wake ndio waliomuua baba yangu? Mimi si mhubiri. Nina historia ya kwetu tu, na naona ina la kutuambia.

Burundi kila upande una makaburi yake. Mwaka 1972 Wahutu wengi waliuawa na serikali, na maelfu wakakimbilia Tanzania. Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye akauawa, Watutsi wengi wakauawa kwa kisasi, jeshi nalo likaua Wahutu, vita vikaanza. Mtoto wa wakati ule alikua akijua adui yake kwa jina la kabila.

Katikati ya vita hivyo, kule Bururi, seminari ndogo ya Buta ilikuwa na wanafunzi Wahutu na Watutsi. Mkuu wake, Padri Zacharie Bukuru, hakuwakataza kuzungumza habari za nchi. Aliwaacha waseme, hata yale yanayouma. Walijadiliana, wakacheza pamoja, wakasali pamoja, wakalala bweni moja.

Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997 waasi waliingia bwenini. Wakaamuru: Wahutu huku, Watutsi kule. Vijana wakakataa. Wakapigwa risasi na mabomu ya mkono, wakafa 40. Walionusurika walisimulia kwamba baadhi yao walikufa wakiwaombea msamaha waliokuwa wakiwaua.

Wiki sita kabla ya hapo, tarehe 18 Machi, jambo kama hilo lilitokea Rwanda, katika shule ya sekondari ya Nyange. Wanafunzi waliamriwa kutengana, wakakataa, na baadhi yao wakauawa. Leo Rwanda inawahesabu kuwa mashujaa wa taifa.

Sasa, Nyange ni mahali gani? Ni pale pale ambapo Aprili 1994 Watutsi zaidi ya 1,500 walikimbilia kanisani, na kanisa likabomolewa kwa tingatinga wakiwa ndani. Padri wa hapo, Athanase Seromba, alihukumiwa na mahakama ya kimataifa ya Arusha, na mwaka 2008 rufaa ikampa kifungo cha maisha.

Hapo ndipo huwa nasimama na kufikiri. Mahali ni pamoja, Biblia ni ile ile, na miaka mitatu tu imepita. Basi upendo hauko kwenye kanzu wala kwenye jengo. Naamini vijana wa Buta hawakuupata asubuhi ile bunduki ilipowaelekea. Waliujenga siku nyingi, kwa kula pamoja na kusikilizana. Mtu ambaye umeshasikia habari za marehemu wake, ukamweleza na za wako, si rahisi kumsukuma upande wa pili eti auawe yeye upone wewe.

Je, kumpenda adui ni kusahau? Hapana. Yule padri alishtakiwa, na ilikuwa haki. Kijana hawezi kuambiwa amsahau baba yake. Ninavyoelewa mimi, kumpenda adui kunaanza pale unapokataa kumfanyia mtoto wake yale aliyokufanyia yeye. Kumwombea ni hatua nyingine, ngumu zaidi, na wapo ambao bado hawajaifikia. Tusiwalazimishe.

Kwenye kikundi chetu, mwenye kisa cha babu yake wa 1972 anakaa na mwenye kisa cha shangazi yake wa 1993. Kila mmoja anasema mpaka amalize, hakuna kumkatiza. Siku nyingine watu wanaondoka wamenuna, hata kwaheri hakuna. Jumamosi inayofuata wanarudi, wanavuta benchi, tunaendelea.