Kumuuguza Nyumbani Aliyefanyiwa Upasuaji wa Kupunguza Uzito: Chakula, Swala na Funga

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, aali zake na maswahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu wa Shinyanga, Kahama, Katoro na Geita huuliza kuhusu mgonjwa aliyerudi nyumbani baada ya upasuaji wa kupunguza uzito: ale nini, aswali vipi, afunge lini, na watu wa nyumbani wafanye nini. Tumeyaweka majibu mahali pamoja. Jambo kubwa tunalotaka msomaji atoke nalo ni hili: daktari wa upasuaji hufanya kazi yake kwa saa chache, lakini wiki zinazofuata ziko mikononi mwa watu wa nyumbani. Na rukhsa alizopewa mgonjwa ni sehemu ya dini, si udhaifu wa imani.

Hukumu yake kwa ufupi

Asili ya tiba ni kuruhusiwa. Unene uliopita kiasi unaoleta kisukari, presha, maumivu ya magoti au kukatika kwa pumzi usingizini ni maradhi, na kuyatibu maradhi kumehimizwa. Kwa hiyo upasuaji huu unajuzu pale daktari mwaminifu anapouona unahitajika, njia nyepesi zimeshindikana, na manufaa yanatarajiwa kuzidi madhara. Kujikata kwa ajili ya urembo tu, bila haja ya kiafya, ni suala jingine, na wanazuoni wamelitahadharisha.

Aliyekwisha kufanyiwa asibebeshwe lawama. Mtume (swalla Allahu alayhi wasallam) alitufundisha kuligawa tumbo mafungu matatu: chakula, kinywaji na pumzi. Ndugu huyu sasa hana budi kuishi kwa adabu hiyo kila siku.

Nini kimefanyika tumboni

Hapa nchini, Hospitali ya Taifa Muhimbili tawi la Mloganzila, Dar es Salaam, hutoa huduma za kupunguza uzito kwa puto na kwa upasuaji. Tusizichanganye. Puto huingizwa tumboni kwa mdomo bila kukata, na huondolewa baada ya miezi kadhaa. Upasuaji unaofanyika zaidi duniani ni ule wa kuondoa karibu robo tatu au zaidi ya mfuko wa chakula, na kubakiza mrija mwembamba mfano wa ndizi. Aina nyingine hutenga mfuko mdogo sana na kuuunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba.

Kwa nje utaona matundu madogo tu, na hapo ndipo watu hudanganyika. Ndani kuna mshono mrefu unaohitaji wiki kadhaa kupona. Chakula kizito au kingi kabla ya wakati humletea mgonjwa matapishi na maumivu, na huuelemea mshono huo.

Safari ya kurudi nyumbani

Kutoka Dar es Salaam hadi Shinyanga ni takriban kilometa 1,000, na Geita ni mbali zaidi. Mgonjwa asipande basi siku aliyoruhusiwa wodini. Akae kwa jamaa karibu na hospitali mpaka daktari aliyemfanyia amwone tena na kumruhusu kusafiri.

Kukaa kwenye kiti kutwa nzima baada ya upasuaji kunaweza kugandisha damu kwenye mishipa ya miguu, na bonge la damu likipanda mapafuni huua. Akisafiri, ashuke na kutembea kila basi linaposimama, achezeshe vifundo vya miguu, na anywe maji kidogo kidogo njiani. Kama amepewa sindano za kuzuia damu kuganda, azimalize.

Muhimu kuliko yote, arudi na barua inayotaja aina ya upasuaji, tarehe yake na namba ya simu ya wodi. Picha ya barua hiyo iwe pia kwenye simu ya mtu wa nyumbani.

Chakula wiki kwa wiki

Ratiba ya daktari wake ndiyo ya kufuatwa. Kwa kawaida huwa hivi:

Wiki 2 za mwanzo ni vimiminika: maji, supu iliyochujwa, maziwa yasiyo na sukari, uji mwepesi uliochujwa. Hunywa kwa kuonja, funda moja moja, kutwa nzima, mpaka kufika lita moja na nusu kwa siku.

Wiki ya 3 na ya 4 ni vyakula vilivyosagwa laini: mtindi, maharage yaliyopondwa na kuchujwa, samaki aliyesagwa na mchuzi wake, unga wa dagaa ndani ya supu.

Wiki ya 5 na ya 6 ni vyakula laini: yai, sato wa kuchemsha aliyetolewa miiba, mboga zilizoiva sana. Baada ya hapo hurejea chakula cha kawaida taratibu, kwa vijiko vichache, akitafuna sana.

Protini itangulie, gramu 60 au zaidi kwa siku, na wanga ufuate. Ugali, wali, michembe na matobolwa havina haraka: hujaza tumbo dogo na kuinyima misuli chakula chake. Asinywe wakati wa kula, asubiri kama nusu saa. Soda na vinywaji vya sukari aviache. Baada ya baadhi ya upasuaji, sukari huleta jasho, moyo kwenda mbio na kuharisha.

Hapa tuseme na mama, shangazi na wifi wa nyumbani. Kwetu kumlisha mtu ni kumpenda, na sahani iliyorudi haijaguswa huumiza moyo. Lakini imepokewa katika Tirmidhi na Ibn Majah kwamba Mtume (swalla Allahu alayhi wasallam) alikataza kuwalazimisha wagonjwa chakula na kinywaji. Baadhi ya wanazuoni wa hadithi wameidhoofisha sanadi yake na wengine wameikubali, na maana yake inaafiki wanayosema madaktari. Mkumbushe maji yake, usimshindilie chakula.

Dawa na kazi

Vitamini ni za maisha yote, hasa B12, madini ya chuma, kalisi na vitamini D. Anayetapika mfululizo kwa siku kadhaa huweza kuishiwa vitamini B1, ikamletea kuchanganyikiwa, macho kutotulia na miguu kulegea, naye awahishwe hospitali. Baadhi ya vidonge vya maganda laini hutengenezwa kwa jelatini ya nguruwe. Muulize mfamasia, na ikipatikana ya kutafuna au ya maji, ichukuliwe hiyo.

Asinunue dukani diklofenaki wala ibuprofeni kwa maumivu, kwani huchimba vidonda katika mfuko uliokatwa. Paracetamol ndiyo hutumika zaidi. Dawa za kisukari na presha zipimwe upya mapema, maana sukari huweza kushuka ghafla kwa kipimo kilekile cha zamani. Dawa za mizizi na za kusafisha tumbo zikae mbali.

Kwa wiki 4 hadi 6 asinyanyue kitu kizito. Ndoo ya lita 20 ya maji ni kilo 20, na kiroba cha mawe ya dhahabu huzidi hapo. Asirudi duarani wala kwenye makarasha mpaka daktari aseme. Mwanamke aahirishe mimba kwa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Wanandoa washauriane na daktari njia ya uzazi wa mpango, kwa kuwa vidonge vya kumeza huenda visifanye kazi vizuri baada ya baadhi ya upasuaji huu.

Dalili za kumpeleka hospitali mara moja

- Moyo kwenda mbio hata akiwa amepumzika, hasa mapigo yakizidi 120 kwa dakika.
- Homa ya nyuzi 38 au zaidi.
- Maumivu ya tumbo yanayozidi, au yanayopanda bega la kushoto.
- Kukosa pumzi au kuumwa kifua.
- Mguu mmoja kuvimba na kuuma.
- Kutapika kila anachokunywa, au mkojo kuwa mchache na wa rangi nzito.
- Kutapika damu au kupata choo cheusi.

Usisubiri asubuhi, wala usianzie kwenye duka la dawa. Shinyanga kuna hospitali ya rufaa ya mkoa, na Geita vivyo hivyo. Kuna ya kanda Chato, na Bugando iko Mwanza, ambako kwa mtu wa Geita safari imekuwa nyepesi tangu Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025. Mkifika, toeni barua kwanza na semeni: huyu amekatwa mfuko wa chakula. Asipitishiwe mpira wa puani kwenda tumboni kabla daktari hajalijua hilo.

Tohara na swala

Matundu ya upasuaji yako tumboni, si kwenye viungo vya udhu. Kwa hiyo hutawadha kama kawaida. Akipatwa na janaba kabla ya kidonda kupona, aoshe sehemu isiyodhurika, apanguse juu ya bandeji, na kwa madhehebu ya Shafi'i aongeze tayammum. Kama maji yatamdhuru kabisa, tayammum inamtosha.

Aswali amesimama akiweza, asipoweza akae, asipoweza alale ubavu. Ndivyo Mtume (swalla Allahu alayhi wasallam) alivyomwelekeza Imran bin Huswayn. Akiona kurukuu na kusujudu kunamuumiza au kunampandisha tindikali kooni, ainame kwa ishara akiwa kwenye kiti, na sijda iwe chini kuliko rukuu. Swala zilizompita akiwa kwenye nusukaputi azilipe. Akiwa na dhiki kubwa, wapo wanazuoni wa Hanbali, na baadhi ya wa Shafi'i, walioruhusu mgonjwa kuchanganya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha.

Funga ya Ramadhani

Aya ya 185 ya Suratul Baqara imempa mgonjwa ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine. Madaktari wengi humshauri aliyefanyiwa upasuaji huu asifunge miezi 6 hadi 12 ya mwanzo. Sababu iko wazi: tumbo lake haliwezi kubeba maji ya kutwa nzima kwa saa chache za usiku, na kukaukiwa huharibu figo na kugandisha damu.

Deni lake ni kulipa atakapoweza, hata kwa siku fupi fupi zilizotawanyika, wala fidia haimtoshi maadamu anatarajia kupona. Fidia ya kumlisha maskini kwa kila siku ni ya yule ambaye madaktari wamesema hataweza kufunga tena. Atakaporuhusiwa kufunga, asile futari kwa pupa: maji kidogo na tende moja, kisha apumzike.

Anayemwambia ndugu yake, "Jikaze, Allah atakusaidia," akumbuke kisa alichopokea Abu Dawud kutoka kwa Jabir. Mtu mmoja alijeruhiwa kichwani safarini, akapatwa na janaba, akawauliza wenzake kama ana rukhsa. Wakamnyima. Akaoga, akafa. Mtume (swalla Allahu alayhi wasallam) aliwakemea vikali, akawalaumu kwa kutouliza wasilolijua.

Wageni na ndimi

Kumtembelea mgonjwa ni haki yake. Nenda, keti kidogo, muombee dua, na usimpelekee pilau. Ukitaka kusaidia, mchotee maji, mfulie, au wahudumie watoto wake.

Na mtu akipungua kilo nyingi kwa miezi michache, mtaani huzuka maneno: ana ngoma, amefilisika, amelogwa. Maneno hayo yamevunja ndoa na kuwafungia watu ndani. Aya ya 12 ya Suratul Hujurat imekataza dhana mbaya, upelelezi na kusengenya, yote pamoja. Mgonjwa halazimiki kumweleza kila mpita njia alichofanyiwa, nawe hulazimiki kujua.

Haya ni maelezo ya jumla, wala hayachukui nafasi ya daktari aliyemfanyia mgonjwa upasuaji. Tunamuomba Allah awape shifaa wagonjwa wetu, awalipe kheri wanaowauguza, na atujaalie tuitunze miili yetu kama amana. Wallahu a'lam.