Karne Moja ya Kutu Njoro

Ngano ilipoanza kulimwa kwa mashamba makubwa Njoro, mwanzoni mwa karne ya 20, kutu ndiyo iliyovuna kwanza. Mlowezi Lord Delamere alipanda mbegu za kigeni katika shamba lake la Equator Ranch, kwenye Bonde la Ufa, na kutu ya shina ikalifuta jasho lake lote. Ugonjwa huu ni kuvu. Hupasua ngozi ya bua na kutoa vumbi la rangi ya matofali linaloganda kidoleni ukiligusa. Maji na chakula havifiki kwenye suke, punje husinyaa, na bua likilegea shamba zima hulala. Delamere aliajiri mtaalamu wa kuchanganya mbegu, na mwaka 1927 serikali ya kikoloni ikafungua kituo cha utafiti hapo hapo Njoro. Tangu wakati huo mambo yamekuwa yale yale: mbegu mpya hutolewa, hustawi kwa misimu kadhaa, kisha kutu huishinda. Wapo wanaosema hiyo ni karne nzima ya kupoteza pesa. Naona wanakosea, kwa kuwa wanawatwika watafiti lawama ambayo chanzo chake ni mahali penyewe.

Nyanda hizi hazina baridi kali ya kuua ngano na kuvu wake. Mau Narok, Njoro, Narok na Uasin Gishu hutofautiana kwa mwinuko na kwa majira ya kupanda, hivyo wakati huku wanavuna, kule bua bado ni bichi, na upepo huhamisha vumbi la ugonjwa. Kuvu anayezaana mwaka mzima hupata nafasi nyingi mno za kubadilika, na mbegu inayolindwa na jeni moja tu huhitaji badiliko moja tu ili ishindwe. Jeni ya Sr31, iliyotoka kwenye nafaka ya rai na kutegemewa na ngano za nchi nyingi, ilishindwa Uganda mwaka 1998 na aina ya kutu iliyokuja kuitwa Ug99. Mwaka 2006 Kenya ilipata tawi la Ug99 lililoshinda jeni ya Sr24, na msimu uliofuata mbegu ya Mwamba, iliyokuwa imeenea sana, ikaharibika vibaya. Ya Robin, iliyotolewa 2011, nayo ilipata kutu yake kufikia 2014. Hakuna uzembe hapo. Ni sababu ya kuacha jeni moja moja na kurundika kadhaa katika mmea mmoja, hasa zile zinazopunguza kasi ya kuvu bila kumzuia kabisa, kazi inayodai miaka mingi ya kuchagua.

Wengine hujibu kwamba dawa zipo. Ni kweli, na mwenye ekari elfu na trekta la kunyunyizia anaweza kuzimudu. Lakini dawa hutaka kupigwa mapema, na mara nyingi zaidi ya mara moja, gharama ambayo mwenye ekari tatu za kukodi hana pa kuitoa. Mbegu yenye kinga humfikia ikiwa tayari imebeba dawa yake. Pingamizi lenye uzito zaidi ni hili: ngano nyingi inayoliwa Kenya hutoka nje, kwa nini basi tuigharamie Njoro? Kwa sababu kazi ya Njoro huvuka mipaka. Mtafiti wa ngano Norman Borlaug alipokuwa akipambana na kutu Mexico katika miaka ya 1940, alichanganya ngano ya Kenya na ile iitwayo Mentana, akapata mbegu ya Kentana. Tangu 2005 aina za ngano kutoka nchi nyingi hupandwa kituoni Njoro, zikazungushiwa mimea dhaifu iliyoambukizwa makusudi, ili zile zisizostahimili zijulikane kabla ya kumfikia mkulima. Hata ngano inayoshushwa Mombasa kwa meli inahitaji kipimo hicho, kwani huko inakolimwa nako upepo unafika.