Lita sita zilizoligombanisha Bunge la Marekani

Ungeweza kudhani ni mzaha wa mitandaoni. Aprili 9, 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri ya kiserikali kuhusu shawa. Aliiagiza Wizara ya Nishati ifute maelezo ya kisheria yanayosema kichwa cha shawa ni nini. Akawaambia waandishi wa habari kwamba yeye hupenda kuoga vizuri na kuzitunza nywele zake, lakini maji hutoka kwa matone, naye husimama hapo dakika kumi na tano kabla hazijalowa.

Chanzo cha ugomvi ni hesabu ya matundu. Sheria ya Marekani inataka kichwa cha shawa kisitoe zaidi ya galoni mbili na nusu kwa dakika, yaani kama lita 9.5. Watengenezaji wakaleta shawa za vichwa vingi, kila kichwa kikidai haki yake ya lita 9.5. Serikali ya Barack Obama ikasema vyote vihesabiwe kitu kimoja. Desemba 2020 Trump akakipa kila kichwa uhuru wake, mwaka uliofuata Joe Biden akavirudisha kwenye hesabu moja, na Aprili 2025 Trump akarudi kuvitenganisha tena.

Kwa mkazi wa Dar es Salaam anayesubiri boza la maji tangu alfajiri, huu ni ugomvi wa walioshiba. Hata hivyo una historia ndefu kuliko nywele za rais, na sehemu yake nzito haiko bafuni. Iko chooni.

Kwa miongo mingi choo cha kuvuta maji cha Marekani kilikunywa lita 19 au zaidi kila mtu alipoinuka. Kufikia miaka ya 1980 vyoo vipya vilikuwa vimeshuka hadi lita 13 hivi. Hakuna aliyelalamika, kwa sababu maji yalikuwa rahisi na mabwawa yaliendelea kujengwa.

Boston ndiko hesabu zilikogoma kwanza. Mji huo hunywa maji ya bwawa la Quabbin, na bwawa hilo lilipatikana kwa gharama ambayo watu wa magharibi mwa Massachusetts hawajaisahau: mwaka 1938 miji minne, Dana, Enfield, Greenwich na Prescott, ilifutwa kwenye daftari la serikali, wakazi wakahamishwa, makaburi yakafukuliwa na mifupa kuzikwa kwingine, kisha bonde likaachiwa maji. Miaka ya 1980 ilipokuta Boston inatumia maji mengi kuliko mabwawa yake yalivyoweza kutoa bila wasiwasi, likaja pendekezo la kuchepusha maji ya mto Connecticut. Safari hii watu walikataa. Mamlaka ya maji ikageukia mabomba yaliyokuwa yakivuja chini ya barabara na vifaa vya majumbani, na mwishoni mwa miaka hiyo ya 1980 Massachusetts ikawa jimbo la kwanza kuamuru kwamba choo kipya kisizidi lita sita.

Majimbo mengine yakafuata, kila moja na kanuni zake na tarehe zake. Hapo waliopiga kelele walikuwa wenye viwanda. Hawakutaka kutengeneza choo cha New York, choo cha Texas na choo cha California. Wakaenda wenyewe Washington, bega kwa bega na watu wa mazingira na mamlaka za maji, kuomba sheria moja ya nchi nzima. Oktoba 24, 1992, zikiwa zimebaki siku kumi ashindwe na Bill Clinton, Rais George H. W. Bush, Mrepublican na mfanyabiashara wa mafuta, alitia saini Sheria ya Sera ya Nishati. Ndani yake mlikuwa na vifungu vichache vya ufundi bomba: choo lita sita, shawa lita 9.5 kwa dakika, na bomba la sinki vivyo hivyo. Kuanzia Januari 1994, kutengeneza choo kikubwa zaidi kwa ajili ya nyumba za kuishi kukawa kosa.

Vifungu hivyo vilipita kimya. Kelele za wananchi zilianza pale walipokalia vyoo vyenyewe.

Ukweli usemwe: vyoo vya kwanza vya lita sita vilikuwa vibovu. Sheria ilipima kitu kimoja tu, kiasi cha maji yanayoingia. Haikuuliza kama kilichokusudiwa kuondoka kimeondoka. Viwanda vingi, kwa haraka ya tarehe, vilichukua sinki lilelile la choo lililobuniwa kwa lita 13, mtego uleule mwembamba (njia iliyopinda ya kutolea uchafu), na kulifungia tangi dogo au tangi la zamani lililozuiwa lisimwage maji yote. Matokeo anaweza kuyakisia hata asiyejua ufundi. Watu walivuta mara mbili, mara tatu, na pampu ya mpira yenye mpini ikahamia bafuni moja kwa moja. Wachekeshaji wakapata mada. Mwaka 1996 tamthilia ya Seinfeld ilitoa kipindi ambamo majirani wananunua kwa magendo vichwa vya shawa vilivyotengenezwa kwa ajili ya kuogeshea tembo.

Magendo yenyewe hayakuwa ya kwenye televisheni tu. Ng'ambo ya mto kutoka Detroit uko mji wa Windsor, Kanada, na maduka ya huko yaliendelea kuuza vyoo vya lita 13. Wamarekani wakavuka daraja na kurudi na sinki nyuma ya gari. Wengine walizunguka kwenye maghala ya vifaa vilivyong'olewa kwenye nyumba za kale, wakanunua choo alichokitumia mtu mwingine kwa miaka thelathini. Sheria ilikataza kutengeneza na kuuza; haikukataza kukalia.

Ndipo akatokea mbunge Joe Knollenberg. Alikuwa Mrepublican, wakala wa bima kabla ya siasa, na jimbo lake la uchaguzi lilikuwa vitongoji vya Detroit, mwendo mfupi kutoka daraja la Windsor. Aliingia bungeni Januari 1993, sheria ikiwa imeshapita, na barua za wapiga kura wenye hasira zikamkuta mezani. Mwaka 1997 akapeleka muswada wa kuvifuta viwango vyote vya vyoo na shawa. Uliposhindwa kusonga, akaurudisha mwaka 1999. Hoja yake ilikuwa rahisi kuielewa na ngumu kuijibu mbele ya watu: serikali haina shughuli chooni kwa mtu, na kama choo kinavutwa mara mbili, maji yameokolewa wapi?

Kikao cha kamati ndogo cha mwaka 1999 ni cha aina yake. Watu wazima waliovaa suti walijadili kwa dhati kinyesi, mitego na mivuto. Kilichoshangaza ni nani alikaa upande gani. Wenye viwanda, ambao ungetarajia washangilie kuondolewa kanuni, walimpinga Knollenberg. Walikwishatumia fedha kubadili kalibu na tanuri zao, na walijua kwamba sheria ya taifa ikianguka, zile kanuni za kila jimbo zingerudi. Mamlaka za maji nazo zilimpinga, kwani baadhi ya miji ilikuwa imekwisha kupanga mitambo yake ya maji taka ikitegemea kwamba maji ya vyooni yatapungua.

New York ilikuwa na ushahidi mzito kuliko wote. Kati ya 1994 na 1997 jiji hilo liliwalipa wenye nyumba hadi dola 240 kwa choo cha kwanza walichobadilisha, na vyoo milioni 1.3 vikabadilishwa. Katika majengo ya ghorofa yaliyoshiriki, matumizi ya maji yalishuka kwa wastani wa asilimia 29. Los Angeles ya mashariki, kwenye mitaa ya Wamarekani wenye asili ya Meksiko, kikundi cha akina mama waliokuwa wamepambana kuzuia gereza lisijengwe mtaani kwao kilipewa kazi ya kugawa vyoo vipya nyumba kwa nyumba. Malipo yakaajiri vijana wa mtaa. Sijui kama Knollenberg aliwahi kukutana na akina mama hao. Ingekuwa mjadala mzuri.

Na ile hoja ya kuvuta mara mbili? Mwaka huohuo wa 1999 ulitoka utafiti uliofunga vipima-maji kwenye nyumba 1,188 katika maeneo 12 ya Marekani na Kanada. Choo ndicho kilikuwa mnywaji mkubwa kuliko wote ndani ya nyumba, zaidi ya robo ya maji yote, kama lita 70 kwa mtu kwa siku. Lakini watu wenye vyoo vidogo walivuta karibu idadi ileile na wenye vyoo vikubwa, kama mara tano kwa siku. Vyoo vibovu vilikuwepo. Havikuwa vingi kiasi cha kuimeza akiba.

Muswada wa Knollenberg ulifia bungeni. Yeye mwenyewe alidumu hadi uchaguzi wa 2008 ulipomwondoa.

Binafsi nadhani alikuwa na kosa katika dawa na alikuwa sahihi katika ugonjwa. Waliotibu ugonjwa wenyewe ni wahandisi wawili, Bill Gauley wa Ontario na John Koeller wa California, na majina yao yanastahili kujulikana kuliko la mbunge. Mwaka 2003, wakilipwa na mamlaka za maji za nchi zote mbili, walitoa ripoti ya jaribio ambalo lilipaswa kufanywa miaka kumi kabla. Vipimo vya zamani vya viwanda vilitumia vijipira vya plastiki na chembechembe zinazoelea, vitu ambavyo havijawahi kutoka tumboni mwa mtu. Wao walichukua rojo zito la soya, jamaa wa miso ya Wajapani, wakalifinyanga vipande vya gramu 50, wakavidondosha chooni pamoja na karatasi na kuvuta. Kikipita, wanaongeza kipande. Wanaongeza mpaka choo kishindwe. Alama ya kufaulu, gramu 250, ilitoka kwenye utafiti wa kitabibu wa Uingereza uliopima haja kubwa za wanaume.

Baadhi ya vyoo vilivyokuwa vikiuzwa kwa sifa havikufika hata gramu hizo 250. Matokeo yalichapishwa kwa jina la kiwanda na la modeli, bila kumfichia mtu aibu. Ndani ya miaka michache valvu za tangi zilipanuliwa, mitego ikapakwa utando laini wa kioo mpaka ndani, na vyoo vya lita sita, hata pungufu ya hapo, vikaanza kumeza kilo nzima ya soya kwa mvuto mmoja. Kanuni ya 1992 haikubadilika hata neno. Kilichobadilika ni kwamba sasa kuna mtu anayepima kazi.

Kutoka hapo mambo yalikwenda haraka. Mwaka 2006 Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani lilianzisha nembo ya WaterSense, iliyokuja kupewa vyoo vya lita 4.8 vinavyoweza kuondoa gramu 350. Januari 2011 California ikawa na kanuni za lazima za majengo ya kijani, zinazodai nyumba mpya ipunguze maji ya ndani kwa asilimia 20, na baada ya ukame wa 2015 ikabana zaidi: shawa inayouzwa huko tangu Julai 2018 haizidi lita 6.8 kwa dakika. Utafiti ule wa majumbani uliporudiwa, matokeo yakatolewa mwaka 2016: maji ya ndani kwa kaya yalikuwa yameshuka kutoka lita 670 kwa siku hadi 520 hivi.

Amri ya shawa ya Aprili 2025 haikugusa choo, wala haikufuta kikomo cha lita 9.5, maana hicho kimo kwenye sheria ya Bunge.

Huku kwetu cheti cha majengo ya kijani cha EDGE, kinachodai angalau asilimia 20 ya akiba ya maji, kimeanza kubandikwa kwenye majengo ya Nairobi, na mwaka 2024 Kenya ilichapisha kanuni za majengo kuchukua nafasi ya zile za 1968. Ni hatua. Lakini sinki la choo lenye vitufe viwili, kidogo na kikubwa, linateremshwa bandarini na kufika dukani likiwa na kibandiko cha bei na picha ya jani la kijani, basi. Mnunuzi akilalamika baadaye anaambiwa fundi wake ndiye hakufunga vizuri, na fundi anaongeza maji kwenye tangi kwa kupinda boya. Akiba imekwisha hapohapo.

Orodha ya wahandisi wale wawili ipo wazi kwenye intaneti, bure, modeli kwa modeli, na kila moja ina gramu zake. Muuza duka wa Kariakoo atashangaa kidogo kuulizwa, lakini swali lenyewe ni fupi: hiki kinaondoa gramu ngapi?