Tiketi namba 373

Mtahiniwa wa kidato cha nne Tanzania hutambulishwa kwa vitu vitatu vilivyoungana: namba ya kituo, namba yake yeye, na mwaka wa mtihani. 0023 peke yake haimtaji mtu, maana kila shule ina 0023 wake. Ongeza kituo, bado hujamaliza, kwani mwakani shule hiyohiyo itakuwa na 0023 mwingine. Hadi utaje na mwaka ndipo unampata mtu mmoja. Mwalimu wa taaluma analijua hili bila kusomea kompyuta. Django, fremuweki ninayoitumia kujengea mifumo ya shule, ilichukua takriban miaka ishirini kulikubali.

Sishangai nikikumbuka ilikozaliwa. Mwaka 2003, katika mji wa Lawrence, jimbo la Kansas nchini Marekani, gazeti la Lawrence Journal-World lilikuwa na waandaaji programu wawili, Adrian Holovaty na Simon Willison. Mhariri akitaka kitu kipya kwenye tovuti, alikitaka upesi, kwa mwendo wa gazeti. Wakaanza kujitengenezea zana kwa lugha ya Python, ukiwemo ukurasa wa admin, ambao mwandishi wa habari asiyejua programu angeweza kujazia makala yake. Jacob Kaplan-Moss alijiunga baadaye. Julai 2005 zana hizo zikatolewa kuwa programu huria, zikapewa jina la mpiga gitaa Django Reinhardt.

Sasa, katika chumba cha habari kila kitu kinajitegemea. Makala ni makala, mgahawa ni mgahawa, mechi ni mechi. Ukiipa makala namba 57, yatosha. Hiyo 57 ndiyo itakayokaa kwenye anwani ya ukurasa wa kuihariri, na ndiyo jedwali jingine litakayoishika likitaka kuitaja. Dhana hiyo ya namba moja kwa kila mstari ikaenea kila mahali: admin, viungo kati ya majedwali, namna ya kufuta, namna ya kuhesabu. Hapakuwa na aliyekosea. Walikuwa wanajenga gazeti.

Mwaka huohuo wa 2005 ikafunguliwa tiketi ya kuomba ufunguo msingi, yaani utambulisho wa kila mstari, unaoundwa na safu zaidi ya moja. Ilipata namba 373. Leo tiketi za Django zimeshapita 36,000, kwa hiyo mwenye kuiona namba hiyo anajua mara moja kwamba anatazama kitu cha kale. Wapo waliosema si hitilafu, ni huduma iliyokosekana tu. Mimi naiita hitilafu. Kanzidata za PostgreSQL, MySQL na Oracle zote ziliruhusu ufunguo wa namna hiyo. Aliyekataa alikuwa Django, katikati.

Dawa tuliyopewa miaka yote ilikuwa kiraka: weka safu ya id hata kama huihitaji, kisha weka sharti kwamba kituo, mtahiniwa na mwaka visijirudie pamoja. Kwa kanzidata unayoianza mwenyewe, kiraka kinakaa. Lakini ukirithi jedwali la zamani, lenye mifumo mingine inayolisoma kila siku, nani atakuruhusu kuongeza safu? Hapo ndipo watu waliiacha Django, au wakaandika SQL kwa mkono.

Majaribio hayakukosekana. Mwaka 2011, na tena 2013, kazi hii ilichukuliwa kama mradi wa mwanafunzi katika Google Summer of Code. Haikufika mwisho. Ukigusa ufunguo unagusa kila kona, na mabadiliko makubwa kiasi hicho huhitaji msomaji mwenye subira ya kuyapitia mstari kwa mstari. Wasomaji wengi wa Django hufanya hivyo jioni, baada ya kazi inayowalipa. Tangu 2014 wakfu wa Django umekuwa ukimlipa mtu wa kupanga tiketi na kuhakiki, na hilo limesaidia sana, lakini mikono mingi bado ni ya kujitolea.

Mwaka 2024 mradi ukarudi Google Summer of Code, safari hii ukiongozwa na wazoefu wawili. Kilichoubeba, kwa maoni yangu, ni ukubwa wa walichokubali kukiacha. Kwanza Django ilifundishwa kulinganisha mafungu ya thamani, si thamani mojamoja. Kisha ikaja CompositePrimaryKey, sehemu isiyo na safu yake yenyewe kwenye jedwali. Inazinyooshea kidole safu zilizopo. Iombe Django ufunguo wa matokeo ya mtahiniwa wetu, haikupi tena namba moja kama 57. Inakupa namba ya kituo, 23 na mwaka, tuseme 2019, vyote vitatu katika mabano mamoja.

Msimbo uliingizwa mwishoni mwa Novemba 2024, na toleo la 5.2 likatoka Aprili 2, 2025. Katika toleo hilo jedwali lenye ufunguo wa aina hii haliwezi kuandikishwa kwenye admin. Kiungo cha kawaida kutoka jedwali jingine hakiwezi kulielekea. Jedwali lenye ufunguo wa zamani haligeuzwi kwa amri moja. Wapo walionung'unika kwamba miaka yote hiyo imezaa nusu kazi. Waliotaka kazi nzima kwa mkupuo ndio walioshindwa 2011 na 2013.

Django ilifanya mkutano wake wa kwanza wa Afrika Zanzibar, Novemba 2023, na wa 2025 ukafanyika Arusha. Vijana wetu wengi wanaijua vizuri. Ninachowaomba si kuandika msimbo mpya kwanza. Chagueni tiketi moja ya zamani, muisome yote, mjaribu marekebisho ya mwenzenu kwenye mashine zenu, mseme kama yanafanya kazi au hayafanyi. Wasomaji ndio wachache.