Sauti Zilizonaswa Amsterdam, Mwaka 1939

Wasikilizaji wetu, leo twapenda kuwasimulia habari za siku moja ya kuimba, ambayo sauti zake zingali zasikika, ijapokuwa walioiongoza wamekwisha kufa zamani.

Asili ya uimbaji huo ni mji wa Leipzig, katika nchi ya Ujerumani. Hapo palikuwa na mwalimu wa kwaya, jina lake Johann Sebastian Bach. Huyo aliitwaa habari ya mateso ya Kristo, sura ya 26 na ya 27 za Injili ya Mathayo, akaitungia muziki, akatia na tenzi za kanisa ambazo watu walizijua. Yaaminika ya kuwa iliimbwa mara ya kwanza siku ya Ijumaa Kuu, mwaka 1727. Yahitaji kwaya mbili zenye kujibizana, kila moja na wapiga ala wake. Bach alifariki mwaka 1750, na kazi hiyo ikasahauliwa na watu wengi, hata mwaka 1829 kijana Felix Mendelssohn, mwenye umri wa miaka 20, alipoifufua mjini Berlin.

Huko Amsterdam, Willem Mengelberg, kiongozi wa wapiga ala wa Concertgebouw tangu mwaka 1895, alianza mwaka 1899 desturi ya kuiimbisha kila Jumapili ya Mitende. Siku hiyo ilipofika tarehe 2 Aprili 1939, uimbaji wake ulinaswa. Santuri za siku zile zilichukua kama dakika nne tu kila upande, kisha muziki hukatwa. Basi ulitumika ufundi mwingine, wa Philips-Miller. Utepe wa filimu uliopakwa weusi ulipita chini ya kikato cha johari. Sauti ilipokitikisa, kikato kilikwangua weusi ule, kikaacha njia nyeupe, mara pana, mara nyembamba. Mwanga ukipenya katika njia ile, sauti hurudi.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 10 Mei 1940, majeshi ya Ujerumani yaliivamia Uholanzi. Mwaka 1941 wapiga ala Wayahudi waliondolewa katika kundi lile, na baadhi yao walifia makambini. Mengelberg aliendelea kuongoza muziki chini ya watawala hao, hata nchini Ujerumani kwenyewe. Vita vilipokwisha mwaka 1945, Waholanzi walimpiga marufuku asiongoze tena, na marufuku hayo yalikuwa hayajaisha alipofariki mwaka 1951, nchini Uswisi.

Je, yafaa kuusikiliza utepe huo? Sisi tuwafundishao vijana kuimba twaona ya kuwa yafaa, lakini si kwa kumtukuza kiongozi. Katika kwaya, sauti ya mmoja si kwaya. Na katika utepe huo wamo wale waliofukuzwa, wangali wakipiga ala zao mahali pao pa haki, kati ya wenzao. Wahenga walisema, maji yakimwagika hayazoleki. Sauti nayo ni kama maji. Lakini hizi chache zilizoleka. Tukizisikiliza, na tuwakumbuke wote waliozitoa, kila mtu kwa tendo lake, wala tusimsahau aliyenyamazishwa kwa sababu tu jina lake halikuandikwa juu ya santuri.