Kuziba kwa mvuke katika magari ya kabureta

Kuziba kwa mvuke hutokea petroli inapochemka ndani ya bomba au pampu kabla ya kufika kwenye kabureta. Pampu iliyoundwa kuvuta kimiminika hubaki ikibana na kuachia mvuke mtupu. Injini inakohoa, inazima, na haiwaki mpaka ipoe. Mwanza na kandokando ya Ziwa Victoria lawama hutupiwa jua, ilhali joto la mchana hapa kwa kawaida ni nyuzi 28 hivi za Selsiasi, pungufu ya lile la Dar es Salaam wakati wa kiangazi. Wakosaji hasa ni watatu: mwinuko wa eneo, mvuto wa pampu na joto la injini iliyozimwa.

Ziwa liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa ni kama kilopaskali 88 badala ya 101 za pwani. Maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, na petroli, ambayo sehemu zake nyepesi huchemka mapema hata pwani, huwahi zaidi. Pampu ya zamani iliyofungwa ubavuni mwa injini huongeza shida, kwa kuwa kila inapovuta hushusha tena mgandamizo bombani. Volkswagen Beetle ina tangi mbele na injini nyuma, hivyo pampu huvuta mafuta karibu urefu wote wa gari. Kisha injini ikizimwa, feni na maji ya rejeta husimama huku chuma kikiwa bado cha moto, na joto chini ya boneti hupanda kwa dakika kadhaa. Foleni ya kivuko cha Kigongo–Busisi, kabla ya daraja kufunguliwa Juni 2025, ilikuwa na masharti yote hayo: mwendo mrefu kutoka Geita, kuzima, kungoja, kisha kuwasha. Toyota walilijua jambo hili, ndiyo maana baadhi ya Land Cruiser FJ60 zilipewa feni ya kupoza kabureta baada ya injini kuzimwa.

Kinga basi ianzie kwenye bomba: liondolewe karibu na ekzosi, na kabureta ikalie kizuizi cha joto juu ya manifoldi. Bomba dogo la kurudisha mafuta tangini husaidia sana, maana petroli inayotembea haikai kupata moto. Dawa kubwa kuliko zote ni pampu ya umeme iliyofungwa jirani na tangi, kwa sababu inasukuma badala ya kuvuta, na petroli iliyosukumwa huchelewa kuchemka.

Wapo wanaosema kitambaa kibichi juu ya pampu kinatosha. Kinapoza kweli, lakini kwa safari moja tu, na maji yakimwagikia manifoldi ya moto yanaweza kuipasua. Hoja nzito zaidi ni kwamba pampu ya umeme huendelea kumwaga mafuta gari likipata ajali. Hofu hiyo ni ya haki. Kwa hiyo ifungwe pamoja na swichi inayoikata presha ya oili inaposhuka, na presha yake iwe kati ya paundi 2 na 4 kwa inchi ya mraba, la sivyo kabureta itafurika. Mafundi nao hukumbusha kuwa koili iliyopata joto huzima gari vilevile. Ni kweli, hivyo cheche ipimwe kwanza: ikiwa plagi zinatoa cheche na kabureta ni kavu, tatizo liko upande wa mafuta.